Magari Kwenye Mwinuko

Bagara ni kata mojawapo ya mji wa Babati, Mkoa wa Manyara. Barabara kuu itokayo Arusha kwenda Dodoma hupitia mji huo. Simama kando, mbali na barabara, mahali penye mwinuko. Tazama lori lenye shehena linapoondoka baada ya kusimama. Injini hunguruma sana, lakini magurudumu huzunguka polepole. Hata mwendesha baiskeli akisimama katikati ya mlima, mara nyingi hushuka na kuisukuma. Kwa nini?

Jaribio: Tengeneza kigari kwa kopo na vizibo, ukitie kokoto. Kifunge mpira mwembamba, kisha kivute polepole juu ya ubao uliolazwa. Pima urefu wa mpira. Sasa weka tofali chini ya ncha moja ya ubao, ukivute kigari kuelekea juu. Utaona kwamba mpira umerefuka zaidi.

Dunia huvuta kila kitu kuelekea chini. Ubao ukiinama, sehemu ya kani hiyo hukivuta kigari nyuma. Barabara ikipanda mita 5 katika kila mita 100, lori la tani 10 huvutwa nyuma kwa kani iliyo sawa na uzito wa kilo 500, yaani magunia 5 ya mahindi ya kilo 100.

Katika miji kama Dar es Salaam, taa huongoza magari kwenye njia panda. Taa ya kijani huwaka kwa muda mfupi tu. Njia ikiwa inapanda, kila gari huchelewa kidogo kuondoka, na la nyuma hulingoja la mbele. Mwongozo wa wahandisi uliochapishwa Marekani mwaka 2000 ulikadiria kwamba, kwa muda ambao magari 100 hupita penye tambarare, hupita 97 tu penye mwinuko wa mita 6 katika mita 100. Malori yakiwa mengi, msururu huchelewa zaidi.

Gari lishukalo husukumwa mbele na kani ileile. Dereva aweza kukuona na kukanyaga breki, lakini gari lisisimame upesi, hasa mvua inaponyesha. Basi usivuke mpaka gari limesimama, au liko mbali sana.

Maswali
1. Ongeza kokoto ndani ya kigari, urudie jaribio. Mpira umerefuka kiasi gani?
2. Barabara inapanda mita 8 katika kila mita 100. Lori la tani 10 huvutwa nyuma kwa kani iliyo sawa na uzito wa kilo ngapi?