Insulini, Figo na Chumvi ya Mwili

Insulini hufahamika zaidi kwa kazi yake ya kushusha sukari katika damu. Kazi yake nyingine, isiyozungumzwa sana, hufanyika ndani ya figo: huzifanya figo zibakize chumvi mwilini.

Kwa siku moja, figo za mtu mzima mwenye afya huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka katika damu. Sodiamu iliyomo humo, ikikadiriwa kama chumvi ya mezani, hukaribia kilo moja na nusu. Zaidi ya asilimia 99 yake hufyonzwa na mirija midogo ya figo na kurudishwa katika damu. Inayosalia hutoka na mkojo. Kwa hiyo badiliko dogo la ufyonzaji huleta tofauti kubwa.

Mwaka 1975, Ralph DeFronzo na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti uliofanywa kwa watu wenye afya. Waliwapa insulini kupitia mshipa, huku wakiwaongezea glukosi ili sukari isishuke. Sodiamu katika mkojo ilipungua kwa karibu nusu, ingawa kiasi kilichochujwa hakikubadilika. Ufyonzaji ndio ulioongezeka.

Katika kisukari cha aina ya 2, misuli huwa sugu kwa insulini, na kongosho hujaribu kufidia kwa kutoa insulini nyingi zaidi. Hata hivyo, mirija ya figo mara nyingi haina usugu huo. Huendelea kubakiza chumvi. Chumvi hubaki na maji, na ujazo wa damu huongezeka. Hii ni mojawapo ya njia zinazochangia kisukari na shinikizo la juu la damu kuandamana.

Mgonjwa anayeanza sindano za insulini huenda akavimba miguu katika siku au wiki za mwanzo. Mara nyingi uvimbe huo hupungua wenyewe. Asiache dawa kwa hofu, kwani kuiacha kunaweza kuhatarisha maisha yake. Aende kituo cha afya apimwe, kwa kuwa uvimbe huweza pia kutokana na maradhi ya moyo, ini au figo. Na akihema kwa shida, asisubiri hata kidogo.

Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima atumie chumvi chini ya gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai, ikijumuishwa iliyomo tayari ndani ya vyakula. Kwa mwenye kisukari, kupunguza chumvi nako ni muhimu.