Folda Isiyofutika Kwenye Mtandao

Swali: Folda ya pamoja kwenye seva ya maabara ya kompyuta inakataa kufutwa. Eleza sababu tatu na suluhisho la kila moja. (Alama 6)

Jibu

(a) Faili iliyomo inatumika. Mtu akiwa ameifungua kwenye kompyuta nyingine, Windows huweza kuzuia isifutwe. *Suluhisho:* msimamizi wa seva aangalie orodha ya faili zilizofunguliwa, amtafute mtumiaji, naye ahifadhi kazi yake na kufunga faili.

(b) Huna ruhusa. Kuruhusiwa kusoma faili si kuruhusiwa kuifuta. *Suluhisho:* mwombe msimamizi akupe ruhusa hiyo au aifute mwenyewe.

(c) Njia ya faili ni ndefu mno. Kwa kawaida Windows huweka kikomo cha herufi 260, kuanzia jina la diski hadi jina la faili. *Suluhisho:* fupisha majina ya folda za ndani, kisha ufute.

Tahadhari: Usikimbilie kujibu "zima seva". Ukifanya hivyo maabara, wenzako wanaweza kupoteza kazi ambayo hawajaihifadhi. Kumbuka pia kwamba folda ya seva ukiifuta kutoka kompyuta yako, kwa kawaida haiendi kwenye pipa la taka la kompyuta hiyo. Kabla ya kufuta, hakikisha ipo nakala ya akiba.

Jipime: Folda inafunguka na kusomeka vizuri, hakuna mwingine anayeitumia na majina yake ni mafupi, lakini haifutiki. Taja sababu inayoelekea zaidi. (Alama 1)