Cholmondeley: Zaandikwa Herufi 12, Yatamkwa "Chamli"

Ukikutana na jina hili kwenye historia ya Kenya, usihangaike na herufi zote. Tamka "Chamli" tu. Mimi nililisoma lote mbele ya darasa, wenzangu wakavunjika mbavu.

Lilianza kama jina la kijiji cha Cheshire, Uingereza. Ceolmund alikuwa mtu. "Leah", kwa Kiingereza cha kale, ni mahali palipofyekwa msituni. Yaani "Kwa Ceolmund", kama tunavyosema Kwa Njenga. Kijiji kimo katika Domesday, daftari la ardhi la mwaka 1086. Baadaye wenye ardhi ya pale wakalifanya jina la ukoo. Midomo ikazidi kumeza silabi za katikati, lakini makarani, bwana, wakaendelea kuandika vilevile!

Hugh Cholmondeley ndiye yule Lord Delamere, cheo ambacho nacho ni jina la msitu wa Cheshire. Mwaka 1903 serikali ya kikoloni ilimkodishia ekari 100,000 Njoro, kwa miaka 99. Ukoo uliopata jina kwa ardhi ukaja kubandika majina kwenye ardhi ya wengine: Nairobi kukawa na Delamere Avenue. Baada ya uhuru ikaitwa Kenyatta Avenue, na sanamu yake ikaondolewa.