Sigara ya Moto na Sigara ya Umeme: Mutu Anayevuta Zote Mbili

Mama mumoja alikuja kliniki na mimba ya miezi mine. Tulimuuliza kama anavuta tumbako. Akajibu: «Hapana, mama, nilibadilisha. Sasa navuta ile ya umeme.» Tukamuuliza tena polepole. Kumbe asubuhi anavuta sigara moja, na magaribi moja ao mbili pamoja na bwana yake. Katikati ya siku anatumia ile ya umeme, kwa sababu haina harufu na mama mukwe hawezi kujua. Alifikiri anapunguza sumu.

Nikotini ni dawa iliyo ndani ya majani ya tumbako. Ni yenyewe inayofunga mutu hata anashindwa kuacha. Katika sigara ya moto majani yanaungua, na nikotini inaingia pamoja na moshi, na pamoja na hewa mbaya ile inayoua watu wanaolala na makala katika nyumba iliyofungwa. Katika sigara ya umeme hakuna moto. Bateri inapasha maji yenye nikotini, yanakuwa mvuke, mutu anavuta. Moshi hakuna, lakini nikotini iko.

Mwili wa mutu aliyefungwa unajua kipimo chake. Akipunguza sigara, zile zinazobaki anazivuta kwa nguvu zaidi bila kujua. Sigara 1 inatia mwilini miligramu 1 ao 2 hivi za nikotini, kisha inaisha, unatupa kipande. Ile ya umeme haina kipande cha kutupa. Unavuta mara mbili ukisonga bugali, mara tatu ukingojea maji kwa bomba, na nani anahesabu? Katika Umoja wa Ulaya sheria inakataza kupita miligramu 20 katika mililita 1 ya maji yake. Pengine yanauzwa yenye 50.

Katika Marekani, mwaka 2013 na 2014, walipima mukojo wa watu zaidi ya 5,000. Wenye kuvuta ya umeme peke yake walikuwa na sumu za moshi kidogo sana kupita wavuta sigara. Lakini wale waliovuta zote mbili? Nikotini yao haikushuka chini ya wavuta sigara, ilipita, na sumu za moshi zilikuwa palepale. Hawakubadilisha, waliongeza. Na usiseme «ni sigara moja tu». Kwa ugonjwa wa moyo, mutu wa sigara 1 kwa siku anabaki na karibu nusu ya hatari inayoongezeka kwa mutu wa sigara 20.

Nikotini inapita kondo ya nyuma na kuingia katika damu ya mutoto, inapita pia katika maziwa. Kwa hiyo tulimwambia yule mama: «Acha kwanza sigara zote, hata ile ya magaribi. Ile ya umeme pia uiache, mutoto hahitaji nikotini. Lakini kama huwezi zote siku moja, usirudi kwa moshi.» Mwenye kunyonyesha asikatishe titi kwa sababu ya neno hili. Anyonyeshe kwanza, na asivute karibu na mutoto.

Angalisho juu ya chupa ya yale maji: inanukia matunda, watoto wanaipenda. Mwaka 2014, katika jimbo la New York, mutoto wa mwaka 1 alikufa kisha kuyameza. Mutoto akimeza, usimutapishe, usimupe mafuta ya mawese. Mulete mbio, na chupa yenyewe mukononi.

Yule mama alirudi na mimba ya miezi saba. Bwana alikuja naye, akaketi kwa benchi katikati ya wamama, haya kidogo. Ya umeme walikuwa wameiacha. Sigara ya magaribi ilikuwa bado inamushinda bwana, lakini sasa anaivuta inje, peke yake.