Umenunua Duka? Patente ya Ukutani Si Yako

Ingia duka lolote la Kasongo, tazama ukuta wa nyuma ya meza ya kuuzia. Patente iko pale, kando ya kalenda, moshi wa taa umeshaigeuza rangi ya chai. Ukinunua duka, unaikuta. Unaiacha ilipo, kwa kuwa haikusumbui.

Siku agent wa komine au sekta anapoingia, hatazami mchele wala mafuta. Anasoma jina. "Huyu ni nani?" Unajibu: "Ni yule aliyeniuzia." Umeshajishitaki mwenyewe.

Shika hili kwanza: patente ni ya mtu, si ya nyumba. Umenunua rafu, mizani, friji na wateja. Ruhusa ya kuuza hukuinunua. Hiyo unaiomba upya, kwa jina lako.

Sasa tafuta mlango wenyewe. Watu wengi wanakimbilia kwa administrateur wa territoire kwa sababu ndiye mkubwa wanayemjua. Lakini kwa sheria ya 7 Oktoba 2008, wenye mfuko wao na kodi zao ni mji, komine, sekta na chefferie. Territoire haimo. Ukiwa mjini, anzia komine. Ukiwa nje, anzia sekta: Maringa kwa upande wa Kasongo, Babuyu au Bahombo kwa upande wa Kabambare, na kadhalika. Kama duka liko karibu na mpaka wa sekta mbili, muulize chef wa kijiji kabla ya kulipa chochote. Ukilipa sekta isiyo yako, yenye haki itakulipisha tena, na ile ya kwanza haitakurudishia.

Nenda bureau kabla hujatoa franga zote za ununuzi, na uende pamoja na muuzaji. Usikubali akuambie "nenda tu, wananijua." Mwombe alete quittance, yaani risiti za malipo, za mwaka huu na za mwaka jana. Mwambie comptable mbele yake: nataka kununua duka hili, je, linadaiwa? Jibu liwe la maandishi, lenye sceau. Muuzaji akishapanda pikipiki kwenda Kindu, deni lake litabisha hodi kwako, na maelezo yako yatakuwa hadithi.

Halafu andikeni acte ya mauzo. Usinunue duka kwa kupeana mikono, hata kama muuzaji ni shemeji yako. Hasa kama ni shemeji yako. Acte iwe na majina yenu kama yalivyo kwenye carte d'électeur, mahali duka lilipo, bei kwa tarakimu na kwa maneno, na kama ni franga za Kongo au dola. Itaje vitu vilivyouzwa kimoja kimoja. Itaje pia visivyouzwa. Cahier ya madeni, kwa mfano: wale wateja waliokopa sabuni mwezi uliopita, sasa watamlipa nani? Msipoiandika, mtagombana mbele yao, nao hawatamlipa yeyote.

Kuhesabu mali, funga duka siku nzima. Mmoja anataja, wa pili anahesabu, wa tatu anaandika. Kila kifurushi kifunguliwe. Mimi niliwahi kununua stock kwa kuhesabu katoni kwa macho, zimepangwa vizuri hadi darini. Katoni za safu ya chini zilikuwa na sabuni juu tu. Chini kulikuwa na vitambaa na nusu tofali. Muuzaji alisema hata yeye aliuziwa hivyo, na huenda ni kweli. Tangu siku ile natembea na kisu kidogo mfukoni.

Mkimaliza, sahihi zenu, mashahidi wawili, na chef wa quartier au wa kijiji. Duka likiwa kubwa, pitieni kwa notaire. Tengenezeni nakala nne: yako, yake, ya bureau, na moja ya kukaa nyumbani kwako, mbali na duka. Duka likiungua, nakala iliyokuwa dukani imeungua nalo.

Kuhusu malipo, sheria iko upande wako zaidi kuliko unavyofikiri. Tangu 12 Septemba 2012 Kongo iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zinazotumia sheria moja ya biashara. Kwa sheria hiyo, mnunuzi wa fonds de commerce, yaani biashara yenyewe, anatangaza ununuzi katika gazeti la matangazo ya sheria ndani ya siku 15, na wanaomdai muuzaji wana siku 15 baada ya tangazo kujitokeza. Bei yenyewe inawekwa kwa notaire au benki mliyokubaliana, inakaa siku 30, ndipo muuzaji anaichukua.

Najua. Gazeti hilo Kasongo utalitafuta kwa tochi, na benki si mlango wa jirani. Kwa biashara kubwa, tuma mtu Kindu, makao makuu ya jimbo, afanye kama sheria inavyotaka. Kwa duka dogo, chukua angalau roho ya sheria: bakiza sehemu ya bei mikononi mwa mtu mnayemwamini wote wawili, na iandikwe ndani ya acte kwamba italipwa baada ya siku 30. Toa pia tangazo kwenye redio ya mahali, kwamba duka fulani limebadili mwenyewe na anayedai ajitokeze. Tangazo la redio si mbadala wa gazeti mbele ya tribunal, lakini wadai wa sokoni watalisikia. Muuzaji akikataa kabisa kubakiza hata franga moja, jiulize anaharakisha nini.

Usimsahau mwenye nyumba. Kama muuzaji alikuwa mpangaji, umenunua biashara, kuta hukuzinunua. Mwarifu mwenye nyumba kwa barua, naye asaini kwamba ameipokea. OHADA inampa mwezi mmoja wa kupinga. Wengi hawapingi; wanataka tu kujua nani atalipa, na kama unaweza kuongeza. Pata mkataba mpya au uthibitisho wa ule wa zamani, maana bureau nayo itauliza unakaa hapo kwa haki gani.

Sasa njia inagawanyika. Ukifanya biashara ndogo, unatafuta patente. Biashara hiyo, kwa ordonnance-loi ya 8 Agosti 1990, ni ya Wakongomani. Ukifanya biashara kubwa zaidi, au ukitaka kusaini mikataba na mashirika au kuomba mkopo mzito, unaingia RCCM, daftari la wafanyabiashara. Kama muuzaji alikuwa kwenye RCCM, namba yake haikufuati. Yeye aende kujifuta au kurekebisha, wewe uandikwe kwa jina lako ndani ya mwezi wa kwanza wa kazi. Kindu iko zaidi ya kilomita 200 kutoka Kasongo, na barabara unaijua. Kwa hiyo uliza kwa simu kwanza karatasi gani zinatakiwa, na safiri nazo zote mara moja. Ukiwa kule, malizia pia Id. Nat. (identification nationale) na namba ya impôt.

Kwa bureau ya komine au sekta, beba hivi: carte d'électeur na fotokopi zake, picha za paspoti, acte ya mauzo, karatasi ya nyumba, patente ya zamani, na ule uthibitisho kwamba duka halidaiwi. Patente ya zamani irudishe mbele ya muuzaji, waandike kwamba ameacha. Hiyo inamwokoa hata yeye, asije akadaiwa mwakani kwa duka alilokwisha kuuza.

Fika asubuhi. Simama karani anapoandika jina lako, na usione haya kulitaja herufi kwa herufi. Ramazani wa carte d'électeur asiwe Ramadhani kwenye patente. Asumani asiwe Osumani. Huku kwetu jina moja lina njia tano za kuandikwa, na kila njia ni mtu mwingine machoni pa agent mwenye njaa.

Kulipa kuna utaratibu. Wakupe kwanza note de perception, yaani karatasi inayosema unadaiwa nini na kiasi gani. Kisha unalipa. Kisha unapewa quittance. Usilipe bila ya kwanza, usitoke bila ya pili. Kipande cha daftari chenye sahihi na "bien reçu" si quittance, hata kikiwa na sceau ya zambarau.

Wakikutajia taxe usiyoielewa, uliza kwa upole: iko wapi kwenye orodha? Kodi za jimbo na za komine, sekta na chefferie zimeorodheshwa katika ordonnance-loi namba 18/004 ya 13 Machi 2018. Huna haja ya kuisoma yote. Ukiitaja tu kwa namba na tarehe, sauti inashuka upande wa pili wa meza.

Biashara nyingine zina mlango wa ziada. Pharmacie: nenda zone de santé, komine peke yake haitoshi. Ukinunua duka upande wa Salamabila ambalo pia lilikuwa linanunua dhahabu, carte ya négociant ya muuzaji ni ya kwake. Yako utaiombea upande wa Mines. Usinunue hata gramu moja kabla ya hapo.

Kama umekuta wafanyakazi, umewarithi. Kwa code du travail ya 2002, biashara ikiuzwa mikataba ya kazi inaendelea kwa mwajiri mpya. Uliza mishahara ambayo haijalipwa kabla ya kusaini acte, na ikatwe kwenye bei.

Jina la duka lililoandikwa mlangoni unaweza kuliacha kama umelinunua ndani ya acte. Wateja wamelizoea. Badilisha tu jina la mwenyewe pale chini.

Na wewe uliyenunua mwaka jana, bado unauza chini ya patente ya mtu mwingine: usingoje agent aje. Nenda mwenyewe, anayejileta husikilizwa kuliko anayekamatwa. Anza na acte. Bado inaweza kuandikwa leo hii, mradi muuzaji yuko hai na bado mnasalimiana.