Kufundisha Majadiliano ya Mataifa Darasani: Mfano wa Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki

Utangulizi

Mada ya vyama na jumuiya za mataifa huwapa taabu walimu wengi wa shule za msingi. Aghalabu mwalimu huandika ubaoni jina la jumuiya, mwaka wa kuundwa kwake, makao makuu yake na orodha ya wanachama. Wanafunzi hunakili, hukariri, na baada ya mtihani husahau. Kosa si la wanafunzi. Wameelezwa kwamba jumuiya ipo, lakini hawakuonyeshwa inavyofanya kazi, wala inavyoweza kuharibika na kutengenezwa upya.

Makala haya yanapendekeza njia nyingine. Tuchukue mfano wa shule iliyo katika kata ya Buzebazeba, Manispaa ya Kigoma-Ujiji, na darasa la tano au la sita. Mtoto wa hapo hayuko mbali na mambo ya mataifa. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Kaskazini ni Burundi. Mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, uvuvi katika upande wa Tanzania wa Ziwa Tanganyika ulisimamishwa ili samaki wapate kuzaliana, na hatua hiyo ilitokana na maafikiano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa. Kwa hiyo yaliyosemwa na wajumbe mezani yalionekana chunguni. Mtoto aliyeona hayo anastahili kujua jinsi nchi zinavyokubaliana, na hasa jinsi zinavyobadili makubaliano yaliyokwisha kuwekwa.

Madhumuni ya somo

Mwisho wa vipindi viwili vinavyofuatana, mwanafunzi aweze: (a) kueleza kwa nini Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilivunjika, (b) kutaja hatua zinazofuatwa katika kubadili Mkataba wa Jumuiya ya sasa, (c) kutofautisha uamuzi wa wengi na uamuzi wa makubaliano ya wote, na (d) kushiriki katika majadiliano kwa adabu, akitetea haja ya kundi lake huku akisikiliza haja ya wengine.

Wazo kuu ambalo mwalimu hana budi kulishika ni hili: ugomvi peke yake hauvunji jumuiya. Jumuiya huvunjika pale ambapo wagomvi hawana tena mahali pa kukutana na kubadili kanuni zinazowagombanisha.

Maelezo ya historia kwa mwalimu

Mkataba wa Jumuiya ya kwanza ulitiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967, nao ukaanza kutumika tarehe 1 Desemba mwaka huo. Wenyewe ulikuwa ni zao la marekebisho. Kabla yake nchi tatu zilikuwa na Shirika la Huduma za Pamoja lililoundwa mwaka 1961. Tanzania na Uganda zililalamika kwamba viwanda vingi na ofisi nyingi ziko Kenya. Mwaka 1965 iliundwa tume chini ya Profesa Kjeld Philip wa Denmark ili kutafuta njia ya kurekebisha mambo.

Yafaa mwalimu atazame jinsi malalamiko yale yalivyojibiwa, maana hapo ndipo ufundi wa majadiliano unapoonekana. Kwanza, makao makuu yaligawanywa: Jumuiya yenyewe Arusha, Shirika la Bandari Dar es Salaam, Shirika la Posta na Simu Kampala, Reli na Ndege zikabaki Nairobi. Pili, iliruhusiwa kodi maalumu ya kulinda viwanda vichanga vya nchi zilizokuwa nyuma. Tatu, ilianzishwa Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki, ambayo nchi zote tatu ziliichangia sawasawa. Lakini katika kila shilingi 100 za kuwekezwa, Tanzania na Uganda zilikusudiwa kupata shilingi 38 na senti 75 kila moja, na Kenya shilingi 22 na senti 50. Kenya ilikubali kupokea kidogo huku, ili soko la pamoja lililoifaa lipate kudumu.

Basi kwa nini Jumuiya ilivunjika? Sababu zilikuwa nyingi: malalamiko kuhusu mgawanyo wa faida yaliendelea, siasa za uchumi za nchi hizo zilitofautiana, na mashirika yalichelewesheana fedha. Lakini kuna sababu iliyofanya nyingine zote zikose dawa. Chombo cha juu cha uamuzi kilikuwa Mamlaka ya Afrika Mashariki, yaani Marais watatu. Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin aliipindua serikali ya Uganda. Rais Nyerere alikataa kuketi meza moja naye, na Mamlaka haikukutana tena. Kila jambo lililohitaji kauli ya Marais lilibaki likining'inia. Tarehe 30 Juni 1977 ilipofika, fedha za mwaka mpya hazikuwa zimeidhinishwa, na Jumuiya ikafa.

Hasara iliwafikia watu wa kawaida. Reli ya Kati ifikayo Kigoma, pamoja na meli ya Liemba, zilikuwa chini ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Ikabidi Tanzania iunde shirika lake. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa Februari 1977, ukafunguliwa tena Novemba 1983. Waliokuwa watumishi wa Jumuiya walidai mafao yao kwa miaka mingi. Kugawana mali kulihitaji mpatanishi, Dakta Victor Umbricht kutoka Uswisi, na mapatano yalitiwa saini Arusha tarehe 14 Mei 1984. Hata hivyo, katika mapatano hayo ya kuachana, nchi tatu ziliahidiana kutafuta nafasi za ushirikiano wa baadaye. Mbegu hiyo ilizaa Mkataba mpya, uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kutumika tarehe 7 Julai 2000.

Mkataba wa 1999 unaeleza waziwazi jinsi ya kuubadili. Nchi yoyote mwanachama, au Baraza la Mawaziri, yaweza kutoa pendekezo. Pendekezo hupelekwa kwa Katibu Mkuu kwa maandishi, naye huwa na siku 30 za kulifikisha kwa nchi zote. Nchi zinazotaka kutoa maoni hupewa siku 90. Kisha pendekezo na maoni hupelekwa kwa Wakuu wa Nchi kupitia Baraza la Mawaziri. Wakuu wakilipitisha, bado halina nguvu mpaka kila nchi iliridhie.

Vifaa

Ubao na chaki. Ramani ya Afrika Mashariki na ya Kati. Vipande vitatu vya karatasi ngumu vya kuandikia maagizo ya makundi. Viti vitatu mbele ya darasa. Kengele au debe la kugonga.

Hatua za somo

Hatua ya kwanza: mchezo wa mialo mitatu. Waeleze wanafunzi kwamba kuna mialo mitatu ya wavuvi iliyoungana kununua na kutunza mashua moja ya kuokoa watu wakati wa dhoruba. Gharama ni shilingi 120,000 kwa mwezi, na kila mwalo hulipa shilingi 40,000. Mashua hulazwa Mwalo wa Kwanza. Kanuni yao yasema: hakuna kitakachobadilishwa mpaka mialo yote ikubali. Andika ubaoni idadi ya mitumbwi: Mwalo wa Kwanza 60, wa Pili 40, wa Tatu 20.

Ligawe darasa makundi matatu. Kila kundi lichague wajumbe wanne. Waliobaki ni wananchi wa mwalo huo. Hata darasa la wanafunzi 90 laweza kushiriki kwa njia hii, kwa kuwa wananchi nao wana kazi, kama tutakavyoona. Mwanafunzi mmoja awe Katibu. Kisha lipe kila kundi karatasi yake kwa siri:

Mwalo wa Kwanza: mnataka mashua isihame. Mnaweza kuongeza mchango kidogo.
Mwalo wa Pili: mchango wenu hauwasumbui. Mnataka heshima na sauti, kwa kuwa mpaka sasa hamna mashua wala ofisi.
Mwalo wa Tatu: mchango umewalemea. Mnataka kila mwalo ulipe kulingana na mitumbwi yake. Msiposikilizwa, mtajitoa.

Hatua ya pili: pendekezo. Mwalo wa Tatu uandike pendekezo lake kwa sentensi mbili na kumkabidhi Katibu. Katibu alisome mbele ya wote. Makundi mengine yapewe dakika kumi za kushauriana na kuandika maoni. Eleza kwamba dakika hizo ni mfano wa zile siku 90.

Hapa hesabu itatumika. Kwa kufuata mitumbwi, kila mtumbwi utalipiwa shilingi 1,000. Kwa hiyo mialo italipa 60,000, 40,000 na 20,000. Waulize pia: Mwalo wa Tatu ukijitoa, itakuwaje? Miwili iliyobaki italipa shilingi 60,000 kila mmoja. Mwanafunzi mwepesi ataona mara moja kwamba Mwalo wa Kwanza utalipa kiasi kilekile kwa njia zote mbili, na kwamba Mwalo wa Pili ndio utakaoumia zaidi wa Tatu ukiondoka. Hivyo ndivyo wajumbe wanavyopima mambo kabla ya kukataa.

Hatua ya tatu: mkutano. Kila ujumbe una kiti kimoja mbele. Wajumbe wake hupokezana kukikalia na kusema. Mwalimu asitoe suluhisho. Huenda wakakubaliana kwamba nusu ya gharama ilipwe sawasawa na nusu kwa mitumbwi, yaani 50,000, 40,000 na 30,000. Mashua ikabaki ilipo, na uhasibu ukahamia Mwalo wa Pili. Huenda wakabuni jingine lililo bora. Wakishindwa kukubaliana, kanuni ya zamani iendelee. Hilo nalo ni funzo.

Hatua ya nne: kuridhia. Wajumbe warudi kwa wananchi wao na kueleza walichokubali. Wananchi waulize maswali, kisha waseme ndiyo au hapana. Mwalo mmoja ukikataa, wajumbe wote warudi mkutanoni. Usiiruke hatua hii kwa ajili ya haraka. Novemba 2006 Mahakama ya Afrika Mashariki ilitoa amri ya muda kuhusu uchaguzi wa wabunge wa Kenya katika Bunge la Afrika Mashariki. Siku 17 baadaye, tarehe 14 Desemba, yalitiwa saini marekebisho ya Mkataba yaliyogusa muundo wa Mahakama yenyewe na masharti ya kuwaondoa majaji. Vyama vya mawakili vilishtaki, na mwaka 2008 Mahakama ikatamka kwamba kutowashirikisha wananchi kulikuwa kinyume cha Mkataba, ingawa haikuyafuta marekebisho hayo.

Hatua ya tano: kiti kitupu. Rudia mkutano kwa dakika tano, lakini safari hii ujumbe mmoja ukatae kuketi na mwingine. Acha kiti wazi. Gonga kengele na kutangaza kwamba mwezi umekwisha na mashua haina mafuta. Waulize: nani ataidhinisha fedha? Baada ya ukimya huo, simulia habari za 1971 hadi 1977 na kuonyesha miji kwenye ramani. Sasa tarehe zitakuwa na maana kwao.

Mambo ya kuangalia

Kwanza, wanafunzi wamezoea kuamua kwa kuinua mikono, na watataka mialo miwili iushinde mmoja. Wazuie, kisha uwaulize kama wao wangekuwa ule mmoja wangejisikiaje. Lakini uwe mkweli: makubaliano ya wote humlinda mdogo, na papo hapo humwezesha mmoja kuwazuia wote. Mwaka 1999 waliotakiwa kukubaliana walikuwa watatu. Rwanda na Burundi zilijiunga mwaka 2007, Sudani Kusini 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2022 na Somalia 2024, wakawa wanane. Je, kanuni iliyowafaa watatu yawafaa wanane? Usilijibu swali hili kwa niaba yao.

Pili, usiwape wanafunzi kazi ya kuigiza nchi jirani kwa majina. Katika shule za Kigoma huenda akawapo mtoto mwenye ndugu Burundi au Kongo, na mzaha wa wenzake utamuumiza. Ndiyo maana tumetumia mialo.

Tatu, usimtwike mtu mmoja au nchi moja lawama zote za 1977. Mwanafunzi akisema, "Ni kosa la fulani," mwulize: mkutano ungekuwa na kanuni gani ili uendelee hata kama fulani hatakiwi?

Tathmini

1. Taja hatua nne za kubadili Mkataba wa Jumuiya, kwa utaratibu wake.
2. Tangu kuvunjika kwa Jumuiya ya kwanza hadi kusainiwa kwa Mkataba mpya ilipita miaka mingapi?
3. Kwa nini Kenya ilikubali kupata sehemu ndogo ya fedha za Benki ya Maendeleo?
4. Muulize mzee mmoja nyumbani ni nani aliyeulizwa maoni kabla ya uvuvi kusimamishwa mwaka 2024. Andika jibu lake kwa sentensi tatu.

Swali la nne lisahihishwe kwa uangalifu. Halina jibu moja, na mwalimu asimkosoe mtoto kwa maneno ya mzee wake. Litakalopimwa ni kama mwanafunzi ametambua kwamba kanuni inayofunga ziwa au kufungua mpaka imetungwa na watu, na kwamba watu waweza kuijadili upya.

Zoezi kwa mwanachuo

Tayarisha andalio la somo la vipindi viwili kwa kufuata hatua hizi, lakini badala ya mialo tumia jambo la mahali utakapofanyia mazoezi ya kufundisha: kisima, josho, mashine ya kusaga au mto wa kumwagilia. Hakikisha kila kundi lina jambo linaloweza kuachia na jambo lisiloweza kuachia. Kundi lisilo na la kuachia halitajadiliana. Litatoa amri tu.