Dondoo muhimu: Saketi zisizo na saa zipeane vipi data?

Kiwandani Shituru, Likasi, husafishwa shaba, madini ambayo, tangu tangazo la IBM la mwaka 1997, yamekuwa yakitumika kwa nyaya za ndani ya chipu. Lakini hata waya wa shaba huchelewesha ishara, pamoja na ile ya saa inayoongoza saketi nzima. Kwa hiyo baadhi ya wabunifu huamua kuiondoa saa, sehemu za saketi zikaelewana zenyewe.

Anza na hatua nne. Mtumaji aweke data, kisha apandishe waya wa ombi. Mpokeaji akishachukua, apandishe waya wa jibu. Ombi lishuke, na jibu lishuke. Hatua mbili, alizozieleza Ivan Sutherland mwaka 1989, zina kasi zaidi, ila anayejifunza kwa taa za LED atahangaika kuona kosa liko wapi.

Umeme ukiyumba, ombi linaweza kuitangulia data. Dawa ni kuuacha waya wa ombi na kuipa kila biti nyaya mbili, mmoja wa 0 na mwingine wa 1. Zote zikiwa chini, data haijafika. Voltaji ikipungua kiasi, saketi hupunguza mwendo bila kukosea.

Lango la Muller ndilo moyo wa kazi: pato lake hupanda pembejeo zote mbili zikipanda, hushuka zote zikishuka, vinginevyo hubaki lilivyo. Fundi hulijenga kwa 74HC08 na 74HC32: AND tatu, OR mbili. Asisahau waya wa kuanzia upya, maana umeme ukirudi lango huamka katika hali yoyote.

Ukiunganisha saketi yenye waya wa ombi na kompyuta yenye saa, pitisha ombi kwenye flipu-flopu mbili mfululizo. Ombi tu, nyaya za data ziache.